Kufuli si dawa ya vituo duni vya kulelea watoto

KILA alfajiri, kabla ya viwanda vya Industrial Area jijini Nairobi kufungua milango, kina mama wanaoishi Mukuru huwabeba watoto wao na kuwaacha kwa walezi wanaolipwa kwa siku. Aghalabu kituo huwa chumba kimoja cha mabati. Humo watoto hula, hucheza na kulala, jiko la makaa likiwa hatua chache tu kutoka kwao.

Si kwamba sheria haipo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti vituo vya kulelea watoto pamoja na elimu ya chekechea. Mnamo 2017, Nairobi ilipata sheria yake kuhusu vituo hivyo. Kifungu cha 53 cha Katiba nacho kinaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu.

Utata umo katika utekelezaji. Mkaguzi hutazama choo, maji, hewa, usafi wa chakula na njia ya kutorokea moto ukizuka. Chumba cha mabati ni nadra kutimiza hayo yote mara ya kwanza. Mwenye kituo analifahamu hilo, ndiposa haombi leseni. Asiyeomba leseni hayumo kwenye orodha, na asiyekuwemo hakaguliwi. Matokeo yake ni kwamba kituo kinachohitaji kukaguliwa zaidi ndicho kilichojificha zaidi.

Hulka ya kungoja maafa si ngeni. Septemba 2019, madarasa ya shule ya Precious Talent mtaani Ng'ando, Dagoretti, yaliporomoka na kuua wanafunzi wasiopungua saba. Msako wa majengo hatari ya shule ulianza baada ya mkasa huo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hiyo ukuta uligharimu uhai.

Hata hivyo, kufunga vituo kiholela hakumwokoi mtoto. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, lakini kibarua wa kutwa ni nadra kuifaidi. Kituo kikifungwa leo, kesho mama atamwacha mtoto katika chumba kingine, pengine kibovu zaidi, au mikononi mwa dadake anayepaswa kuwa darasani.

Njia ya busara ni kusajili kwanza, kisha kurekebisha. Kaunti inaweza kutoa leseni ya muda yenye masharti machache yanayotimizika: jiko litolewe nje, mlango usifungwe kwa nje, maji ya kunywa yachemshwe, na mlezi mmoja asirundikiwe watoto. Mkaguzi aandike tarehe ya kurudi, na arudi. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa 2023 hutembelea nyumba moja baada ya nyingine. Wao ndio wanaoweza kuvitambua vituo hivyo.

Zipo hatari zisizoweza kungoja, kama vile nyaya za umeme zilizo wazi au mlezi anayewadhulumu watoto. Hapo kufuli ni halali. Lakini afisa anayeitia kufuli hiyo sharti awe na jibu kwa mama aliyesimama mlangoni: kesho alfajiri, mtoto huyu apelekwe wapi?