Kabla ya kishikwambi, macho ya mtoto yapimwe

Mwaka jana, muhula wa kwanza ukiwa katikati, mama mmoja aliingia chumbani mwangu akimvuta mwanawe kwa mkono, na kabla hajaketi akaniambia, "Daktari, kompyuta za shule zimemharibia mtoto wangu macho."

Mtoto alikuwa na umri wa miaka sita na nusu, yuko Gredi ya Kwanza. Kila siku ambayo darasa lao lilitumia vishikwambi, vile vibao vya kompyuta vilivyoletwa shuleni na serikali, alirudi nyumbani akilalamika kwamba kichwa kinamuuma. Alifikicha macho hadi yakawa mekundu. Mwalimu naye alikuwa ameandika kwamba mtoto hapendi kazi. Wenzake wakipanga herufi na picha kwenye kioo, yeye hugeukia dirishani akatazama nje.

"Na si kwamba haoni," mama akaendelea. "Matatu ikitokea kule ng'ambo ya bonde, yeye ndiye hutuambia kwanza."

Nilimsimamisha mtoto mita sita kutoka kwenye kadi ya herufi E iliyo ukutani, nikamwomba anionyeshe kwa vidole miguu ya kila herufi imeelekea upande gani. Kwa macho yote mawili alifanya vizuri. Nikamfunika jicho la kushoto, akafanya vizuri vilevile. Nilipomfunika la kulia, alimaliza mistari miwili ya juu akanyamaza. Mama alijishika mdomo.

Daktari wa macho niliyemtuma kwake alikuta kwamba macho yote mawili yalikuwa na kasoro ya kuona vitu vya karibu, na la kushoto lilikuwa limezidi. Kishikwambi hakikuhusika kamwe. Kasoro ya namna hiyo hutokana na umbo la jicho lenyewe, na mtoto huyu alikuwa nayo tangu utotoni. Ni kwamba hakuwa amewahi kupewa kazi ya kutazama kitu kidogo cha karibu kwa nusu saa mfululizo. Kuchunga mbuzi, kucheza mpira na kuitambua matatu ya mbali ni mambo yanayowezekana kwa jicho moja zuri. Kutazama kioo kilicho karibu, huku misuli ya macho ikijikaza kurekebisha kasoro, ndiko kulikomletea maumivu ya kichwa.

Nimeeleza habari hii kwa urefu, msomaji, kwa sababu kwa miaka mingi tumekuwa tukibishana juu ya kompyuta za watoto na kuacha jambo muhimu kando. Mpango huo uliahidiwa katika kampeni za 2013, ukaanza 2016 kwa majaribio katika shule 150, kisha vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Tulibishana juu ya zabuni, juu ya umeme, juu ya wezi. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ikaidhinisha masomo ya kuandika programu za kompyuta, tukabishana tena. Ni kweli kwamba kuna shule ambazo vifaa hivyo vimefungiwa kabatini na vingine vimekufa betri. Lakini katika mabishano hayo yote sikumbuki kusikia mtu akiuliza kwa sauti kama mtoto anayekabidhiwa kioo hicho anakiona.

Wazazi huniuliza zaidi kuhusu miale. Wanataka kujua kama mwanga wa kompyuta utampofusha mtoto. Jibu langu ni hapana. Hakuna ushahidi kwamba mwanga wa kioo cha kishikwambi hupofusha. Wala sioni haja ya ile miwani inayouzwa mjini kwa jina la "miwani ya kompyuta". Hata chama cha madaktari wa macho wa Marekani hakiipendekezi. Ukiwa na pesa za kununua miwani hiyo, zitumie kumpeleka mtoto akapimwe.

Kinachotokea mbele ya kioo ni kwamba mtu hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, macho yakakauka na kuwasha. Kwa watoto wadogo kipindi cha shule ni nusu saa, nao muda huo hauwadhuru mradi mwalimu awaambie mara moja au mbili watazame mbali nje ya dirisha. Kioo kisiwe karibu na uso. Umbali wa kutoka kwenye kiwiko hadi ngumi ya mtoto unatosha. Na kwa kuwa kifaa kimoja mara nyingi hushikwa na watoto watatu wanne, waoshe mikono kabla na baada. Wasomaji wa Mombasa, Kilifi na Lamu hawajasahau jinsi ugonjwa wa macho mekundu ulivyoenea mapema mwaka wa 2024.

Jambo moja tu kuhusu vioo hunitia wasiwasi wa kweli, nalo ni muda wa kucheza nje unaoliwa. Katika mji wa Guangzhou nchini China, watafiti waliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo kwa watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule, nyingine zikaendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa 2015. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30 hivi ya watoto walioongezewa muda huo walikuwa wameanza kutoona mbali, ilhali katika zile shule nyingine walikuwa karibu asilimia 40. Mwanga wa mchana hulilinda jicho linalokua. Mtoto wa kijijini anayekwenda shule kwa miguu hupata dawa hiyo bure. Ninaowahofia ni wale wa shule za mijini zilizo ndani ya majumba ya ghorofa, zisizo na uwanja, ambako wakati wa mapumziko watoto huachwa wakae na vioo ili wasipige kelele. Wewe mzazi unayelipa karo huko una haki ya kuuliza mtoto wako huona jua saa ngapi.

Sasa nirudi kwa yule mtoto. Jicho moja likiwa dhaifu kuliko la pili, ubongo wa mtoto huzoea kulitegemea lile zuri na kulipuuza lile dhaifu. Likipuuzwa kwa miaka, hata ukimvisha miwani baadaye halirudi kuona sawasawa. Matibabu hufaulu zaidi kabla ya umri wa miaka 7. Hebu fikiria: Gredi ya Kwanza, darasa ambalo vishikwambi vililengwa, ni watoto wa miaka sita. Siku tunayomkabidhi mtoto kifaa ni miongoni mwa siku za mwisho nzuri za kuligundua jicho lake, nasi huipitisha tukipiga picha za gazeti.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mimi mwenyewe nilisoma shule ya msingi nikiwa sioni ubao. Nilinakili kutoka kwa daftari la jirani, nikachapwa kwa kunakili. Miwani yangu ya kwanza niliipata nikiwa kidato cha pili, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mti ulio mbali una majani moja moja. Simlaumu mwalimu wangu. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kupima macho.

Watu husema walimu wana kazi nyingi na hawawezi kuongezewa hii. Nawaelewa, maana nimeona madarasa ya watoto sitini. Lakini jambo hili limekwisha kufanywa hapa nchini, na walimu ndio waliolifanya. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, daktari wa macho Hillary Rono na wenzake waliziweka shule 50 za msingi katika makundi mawili. Katika kundi moja walimu walipima watoto kwa kadi, na waliokutwa na kasoro wakapewa barua ya kupeleka nyumbani. Katika kundi la pili walimu walipima kwa programu ya simu iitwayo Peek, wazazi wakaonyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona ubao, kisha wakatumiwa ujumbe wa simu kuwakumbusha. Matokeo yalitolewa 2018. Kati ya kila watoto 100 waliotumwa hospitalini, kundi la barua lilifikisha 22. Kundi la simu lilifikisha 54.

Tazama tofauti hiyo ilikotoka. Walimu wa makundi yote mawili walipima. Barua ndiyo iliyopotelea mfukoni mwa kaptula. Na hata katika lile kundi lililofanya vizuri, karibu nusu ya watoto hawakufika, kwa hiyo simwahidi mtu muujiza. Nauli iko, bei ya miwani iko, na kuna baba ambaye hukataa kusikia kwamba binti yake avae miwani. Wizara zetu mbili, ya elimu na ya afya, zingefaa kukaa meza moja na kuamua kwamba hakuna darasa la Gredi ya Kwanza litakalofunguliwa vishikwambi kabla ya kila mtoto kupimwa kila jicho peke yake, na kwamba miwani ya watoto wa shule za umma ina fungu lake la pesa. Tuliponunua vifaa milioni moja hatukusema pesa hakuna.

Wakati tukisubiri, kuna unayoweza kufanya nyumbani. Mfunike mtoto jicho moja kwa kiganja chako, si chake, maana atachungulia kati ya vidole. Mwonyeshe kitu anachokijua kilicho mbali, kisha badilisha jicho. Akilalamika au kuutoa mkono wako ukifunika upande mmoja tu, chukua tahadhari. Mtoto anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayefumba jicho moja juani, anayeumwa kichwa baada ya kusoma au ambaye jicho lake hukimbilia pembeni, mpeleke kliniki ya macho ya hospitali ya kaunti juma hilohilo. Usingoje likizo ya Desemba.

Yule mvulana alivaa miwani tangu Aprili. Maumivu ya kichwa yakaisha katika majuma machache, lakini jicho la kushoto lilikuwa bado nyuma, kwa hiyo kufikia muhula wa tatu daktari wa macho aliagiza lile zuri libandikwe plasta saa mbili kila siku ili dhaifu lilazimike kufanya kazi. Mtoto alichukia plasta hiyo, akaibandua, mama akaibandika tena. Mwishowe mama aligundua kwamba hutulia akipewa simu yenye mchezo wa kupanga herufi, ule ule alioukimbia darasani. Alikuja kuniuliza kwa hofu kama anafanya kosa. Nilimwambia aendelee, saa mbili, si zaidi, kisha plasta itolewe na mtoto aende nje.