Mwalimu Mstaafu Auze Nini Mtandaoni?

Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto aingie darasani, walimu hawakutosha. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa ualimu wakiwa hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Kizazi hicho, walimu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote), ndicho kilichofika miaka 60 na kustaafu miaka ya karibuni. Kwa hiyo anayemwambia mwalimu mstaafu wa Kasulu au Kibondo kwamba kufundisha kwa mbali ni mambo ya vijana, hajui historia ya ualimu wetu.

Shaka yangu iko kwenye biashara anayoshauriwa kuanzisha: kamera, taa, chaneli ya YouTube, na mtaji utoke kwenye mafao. Malipo ya mkupuo ya walimu hawa yalishushwa kutoka asilimia 50 hadi 33 mwaka 2022, yakapandishwa hadi 40 mwaka 2024. Si fedha ya kubahatisha. Tena video ya somo itashindana na vitu vya bure: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na Shule Direct inaweka masomo ya sekondari mtandaoni tangu 2013. Nani atanunua maji kando ya mto Malagarasi?

Wengine wanasema awafundishe wageni Kiswahili. Inawezekana, ila ahesabu kwanza. Kwenye jukwaa kama Preply, malipo yote ya somo la kwanza na kila mwanafunzi huchukuliwa na jukwaa, kisha hukatwa kati ya asilimia 33 na 18 kadiri saa za kufundisha zinavyoongezeka. Na video ya moja kwa moja haivumilii mtandao unaokatika.

Mteja aliye karibu ni mtahiniwa wa kujitegemea: anayerudia kidato cha nne, aliyeishia darasa la saba na sasa anataka Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, au binti aliyekatishwa shule na ujauzito. Waraka wa Novemba 2021 ulimfungulia binti huyo mlango wa kurudi, lakini mwenye mtoto mgongoni na shamba la mihogo hapati nafasi ya kwenda tuisheni mjini kila jioni. Vitabu anaweza kuvipata kwenye simu. Asichokipata ni mtu wa kusoma jibu lake na kumwambia limekosewa wapi.

Basi auze usahihishaji. Mwanafunzi anaandika insha kwenye daftari, anaipiga picha, anaituma kwa WhatsApp. Mwalimu anasahihisha na kurudisha maelezo kwa sauti. Malipo yapite M-Pesa au HaloPesa, kidogokidogo kila wiki. Picha na sauti hazili bando kubwa, na mtandao ukikatika kwa saa mbili hakuna kilichoharibika. Mwalimu wa shule ya msingi asijidai kufundisha fizikia. Abaki na Kiswahili, hesabu amwachie mwenzake aliyestaafu sekondari.

Ni kweli wateja hawa hawana fedha, na kipato kitakuwa cha kuongezea pensheni tu. Wapo wanaolalamika kwamba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, hivyo mwanamume wa miaka 60 asiye na ulemavu hana fungu. Malalamiko ni ya haki, lakini kwa kazi hii simsikitikii: simu anayo, na biashara isiyo na deni haimnyimi usingizi.

Pengo kubwa la wastaafu hawa ni mtaala. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, baada ya wengi wao kukabidhi chaki, na mafunzo yake yanalenga walio kazini. Maofisa elimu wa Kasulu na Kibondo wawaruhusu wastaafu kukaa kwenye mafunzo hayo katika vituo vya walimu. Hawataomba posho, wanataka kiti na nakala ya muhtasari.