Shanga na Saa za Mfanyakazi

Imekuwa desturi, kila zinapotajwa shanga katika nchi yetu, watu kuwaza mambo matatu tu: mavazi ya Wamasai, mapambo ya wanawake, na kibanda cha kuwauzia watalii. Fundi wa kiwandani, karani, dereva au mwalimu hafikiri kwamba jambo hili lamhusu yeye. Sisi twaona lamhusu, na leo twapenda kueleza sababu zetu, hata kama wako ndugu watakaocheka kuuona ukurasa huu, uliozoea kusema juu ya bei ya pamba na mishahara, ukisema juu ya ushanga.

Saa za mapumziko hazikuja bure. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliofanywa mwaka 1919, ulikuwa juu ya saa 8 za kazi kwa siku viwandani. Na mwaka 1924 shirika hilo likatoa pendekezo juu ya namna ya kuwasaidia wafanyakazi kuzitumia vema saa zao za nafasi. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa zilizobaki ni mali ya mfanyakazi, na ni mali iliyopiganiwa. Lakini mwenye mali asiyejua la kuifanyia, mali yake huchukuliwa na wengine. Wanaozichukua saa hizi tunawajua: kilabu cha pombe, kamari ya mpira, na siku hizi simu ya mkononi, ambayo humla mtu usiku kucha bila hata kumlewesha. Juu ya bao na mpira wenyewe hatuna neno. Tunachosema ni kwamba katika matawi yetu mengi hakuna kingine, na mama aliyeshinda akipanga bidhaa ghalani au akishona nguo kiwandani hakuwekewa chochote.

Utungaji wa shanga hauhitaji mtaji mkubwa. Sindano nyembamba, uzi wa nailoni, vijaluba vichache vya shanga, na kipande cha blanketi cha kuzimwagia ili zisiviringike mezani: hivyo vyatosha kuanzia. Uzi wa pamba haufai kwa kidani cha kuvaliwa kila siku, kwa kuwa jasho huuozesha. Sindano nene nayo ni hasara, maana hupasua ushanga mdogo wakati uzi unapopita mara ya pili. Anayenunua atazame pia kama rangi imo ndani ya kioo chenyewe au imepakwa juu tu. Iliyopakwa haitamaliza msimu mmoja wa joto la Dar es Salaam shingoni mwa mtu.

Lakini vifaa ni jambo dogo. Kinachotufanya tuutukuze mchezo huu ni rangi. Mtu anaweza kuishi miaka hamsini akidhani anaijua rangi nyekundu, mpaka siku atakapoiweka kando ya nyeupe ikawaka, kisha akaiweka kando ya hudhurungi ikazima kama makaa yaliyomwagiwa maji. Ushanga ni ule ule. Jirani yake ndiye aliyebadilika. Samawati iliyokoza huonekana nzuri mchana, na jioni chini ya taa hugeuka ikawa kama nyeusi. Kwa hiyo mwenye busara huchagua rangi karibu na dirisha, na kazi ya usiku huwa ni kutunga tu. Ushanga unaopitisha mwanga huonyesha uzi uliomo ndani yake, basi mtu akibadili uzi amepata ushanga mwingine bila kutoa senti. Mambo haya hayafundishiki kwa maneno. Sharti mtu atunge vipande vifupi vitano, avipange mbele yake, afumue vinne. Na katika kufumua huko ndimo mlimo na raha: humpotezei mtu kitu, hakuna msimamizi, na ushanga haukasiriki.

Kuna na jambo la heshima. Vitabu vingi vya wageni vimesimulia kwamba wazee wetu walidanganywa kwa vioo, kama watoto waonyeshwao kitu king'aacho. Hatusemi biashara ile ilikuwa ya haki. Pembe za ndovu zilikwenda pwani, na wanadamu pia walikwenda wakiwa katika minyororo. Lakini katika hili la shanga, maandishi ya wageni wenyewe yashuhudia kinyume. Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akitayarisha msafara wake wa kumtafuta Livingstone, alitaabika sana kwa habari ya rangi. Aliambiwa kwamba Unyamwezi watataka nyekundu na kukataa nyingine zote. Kwamba nyeusi zakubaliwa Ugogo, na penginepo hazina thamani yoyote. Kwamba zile kubwa zilizofanana na yai ndizo zitakiwazo Ujiji. Na kwamba nyeupe zinazopendwa Ufipa zitadharauliwa Ukonongo. Aliyekosea hesabu hiyo alijikuta bara na mizigo ya shanga ambayo haikuweza kumnunulia hata kibaba cha mtama. Je, hao ni watu wa kudanganywa kwa kioo? Hao walikuwa waamuzi wakali wa rangi, na mfanyabiashara wa Ulaya alilazimika kufuata hukumu yao.

Burton, aliyepita njia hizo mwaka 1857 hadi 1859, ameandika majina mengi ya shanga yaliyotumika wakati ule. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulikuwa na jina jingine, kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoupenda hata nyumba zikaingia madeni. Ushanga huo ulikuwa mwekundu juu na mweupe ndani. Weupe ule wa ndani huurudisha mwanga nje, na wekundu ukang'aa kuliko ushanga uliokuwa mwekundu mtupu. Mama wa Unyamwezi hakuandika kitabu juu ya elimu ya mwanga, ila alipouchagua huu akaukataa ule alijua alitendalo.

Wala jambo hili halikuanza na meli za wageni. Kweli, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, chataja vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Rhapta, katika pwani yetu. Lakini huko Tumbe, Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vingi vyenye mifereji, ambavyo wakazi wa zaidi ya miaka elfu iliyopita walivitumia kusagia shanga za kome. Na katika pango la Magubike, mkoani Iringa, zimeonekana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mtu aliyekaa kuchonga vile na kuvitoboa alikuwa amekwisha kula. Alikuwa akizitumia saa zake za nafasi.

Wamasai wanaendelea na elimu hiyo hadi leo. Anayezitazama kola zao kwa makini ataona kwamba nyekundu hupenda kukutana na kijani, na samawati na rangi ya chungwa, kisha nyeupe au nyeusi hupita katikati kama mpaka wa mashamba, ili kila rangi isimame peke yake. Watalii huambiwa kwamba kila rangi ina maana moja isiyobadilika, hii maziwa, hii damu, hii mbingu. Maana hizo zipo, lakini twashuku kwamba orodha imenyooshwa kidogo kwa ajili ya mnunuzi. Mtungaji mwenyewe hutazama kwanza kama kazi imependeza.

Hapo ndipo tunapotofautiana na ndugu zetu wengine. Siku hizi likitajwa neno shanga, linalofuata ni kipato. Jirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 2017 mpango wa serikali wa kuwasaidia wanawake wafugaji kuuza kazi zao za shanga, na hatuna sababu ya kuubeza. Mama anayelipwa nusu ya haki yake na mchuuzi astahili kutetewa. Lakini si kila mfanyakazi ashikaye sindano jioni ageuzwe kuwa mchuuzi. Akianza kuuza kabla hajajifunza, rangi zitachaguliwa na mnunuzi, naye atatunga bangili ile ile mara mia mbili, na nyumbani kwake itakuwa imefunguliwa karakana ya pili isiyo na chama cha wafanyakazi. Twasema wazi: mtu ana haki ya kutengeneza kitu kizuri akampa mkewe, au akakivaa mwenyewe, na asiulizwe amepata shilingi ngapi.

Kama ni uchumi tunaoutaka, tuutafute mahali pake. Shanga nyingi ndogo wanazozitumia Wamasai kwa miaka mingi zimetoka Jablonec, mji wa Jamhuri ya Cheki, na nyingine za bei rahisi hutoka Uchina. Mikono ni yetu, kioo ni cha wengine. Huko Ghana Wakrobo husaga chupa kuukuu zikawa unga, wakautia unga katika vikalibu vya udongo na kuchomeka katikati kijiti cha jani la muhogo. Tanuruni kijiti huungua na kuacha tundu. Arusha nako iko karakana ambamo watu wenye ulemavu huyeyusha chupa zilizotupwa na kufanya vyombo na shanga. Chupa tunazo, muhogo tunao, na udongo hauagizwi kutoka ng'ambo. Vyuo vya ufundi vikilifanyia kazi jambo hili, wahitimu wake watapata biashara ya kweli, na watungaji wetu watapata rangi za kuchezea kwa bei nafuu.

Kwa sasa tunataka jambo dogo zaidi. Kila tawi lenye ukumbi litenge jioni moja kwa wiki, meza mbili zenye mwanga wa kutosha, na mzee mmoja au mama mmoja ajuaye kutunga awaonyeshe wengine. Wanaume wasizuiwe na haya: fundi seremala na fundi saa wana vidole vilivyokwisha kufunzwa, na katika majuma mawili huenda wakawapita wengi. Viongozi wa matawi watakaokubali na waanze kabla ya mvua za masika, maana wakati huo watu hukaa ndani jioni.