Mdundo Haumo Kwenye Damu

Mara yangu ya kwanza kupiga pedi mbele za watu ilikuwa Biharamulo, kwenye sendofu ya binti wa mama mdogo. Nilikuwa na laptopu ya kuazima, kibao cha pedi 16 kinachoingia kwenye begi la mgongoni, na imani kubwa kuliko vyote viwili. MC alipomaliza kunitambulisha akaongeza, "Huyu ni wa Ngara, jamani, ngoma ipo kwenye damu!" Ukumbi ukashangilia. Nikaanza vizuri. Kufika dakika ya pili, shangazi zangu waliokuwa wakiingia na zawadi kwa madaha walianza kugongana visigino. Dakika ya tatu walikuwa karibu kukimbia, mmoja amelikumbatia beseni la vyombo kama mtu aliyekurupushwa na mvua. Nilimaliza natoka jasho, nikiamini nimewasha moto.

Nje, karibu na masufuria, mzee mmoja ambaye ujana wake alipiga ngoma za harusi aliniita. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ulikuwa unamkimbia nani?"

Swali la mzee nimeshalijibu. Bado nina ugomvi na sentensi ya MC.

Alikuwa ananisifu, najua. Lakini sifa ile ilininyima kitu. Kama mdundo uko kwenye damu, basi kuteleza kwangu hakuna dawa: ama damu imechuja, ama sikuzaliwa nayo. Nasema hivi: mdundo haumo kwenye damu ya mtu yeyote, awe Mhangaza, Msubi, Msukuma au Mhaya. Umo kwenye saa ulizokaa na pigo lisilokuhurumia. Kwa sisi tunaopiga ngoma kwa vidole, pigo hilo ni metronomu, na nimechoka kuona vijana wenzangu wakiikwepa kwa visingizio viwili: kwamba Mwafrika haihitaji, na kwamba kompyuta itarekebisha.

Kisingizio cha kwanza tumekivaa kama nguo yetu, lakini hatukukishona sisi. Mwaka 1995 Kofi Agawu, mwanazuoni wa muziki kutoka Ghana, aliandika makala akionyesha jinsi kile kinachoitwa "mdundo wa Kiafrika", kitu kimoja cha bara zima, kilivyobuniwa kwenye maandishi ya watafiti. Nilipoisoma nilimkumbuka MC wangu. Mtoto wa Vienna akipiga piano vizuri, watu wanauliza mwalimu wake ni nani. Mtoto wa Ngara akipiga ngoma vizuri, wanamuuliza ukoo wake.

Hata baadhi ya hao watafiti walijua, kama ungewatazama wanachofanya. A. M. Jones, mmisionari Mwingereza aliyeishi Zambia ya leo enzi za ukoloni, alitengeneza mtambo wa kurekodi ngoma: mpigaji anagonga, na kila mgongo unaacha alama kwenye karatasi inayotembea. Kwa kitabu chake cha mwaka 1959 alifanya kazi na Desmond Tay, mpigaji mahiri wa Kiewe kutoka Ghana. Hakumchukua Mghana yeyote aliyempita njiani. Alimtafuta fundi, kwa sababu kilichoandikwa kwenye karatasi ile kilikuwa ufundi.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa takwimu, kwa hiyo karatasi ya Jones inanivutia kwa namna ambayo pengine haikuvutii wewe. Lakini sijaingia kwenye ugomvi huu kwa sababu ya takwimu. Nimeingia kwa sababu damu ikishakubaliwa kuwa hoja, kuna watu wanaachwa nje, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ngara imepakana na Burundi na Rwanda. Kihangaza na Kirundi ni lugha za karibu kiasi kwamba bibi yangu hakuhitaji mkalimani sokoni, na neno "ingoma" kwa Kirundi ni ngoma na ni ufalme pia. Babu alijifunza kupiga kwa watu wa ng'ambo ya Ruvubu. Wanaume wa nyumbani walipiga. Sisi wasichana tuliambiwa kwamba binti hapandi juu ya ngoma wala hashiki fimbo zake, na sababu tuliyopewa ilikuwa ileile: si damu yenu. Nilipokuwa chuo nikasikia habari kutoka ng'ambo. Ngoma ya kifalme ya Burundi ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza akasaini amri iliyokataza wanawake kuipiga. Miaka mitatu tu, kutoka urithi wa binadamu wote hadi mali ya nusu yao.

Kwetu hapakuhitajika amri. Lakini wazee hawakuwa wamesikia habari za pedi za mpira, kwa hiyo hapakuwa na mwiko juu yake. Niliingia kwenye ngoma kupitia mlango ambao hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Sasa mnaelewa kwa nini sifa ya MC ilinichoma. Damu iliyotumika kunifukuza ndiyo ilikuwa inatumika kunikaribisha, na mara zote mbili hakuna aliyeuliza kama najua kupiga.

Wapo wanaosema metronomu ni kitu cha wazungu, kinaua hisia. Johann Maelzel alipata hataza yake mwaka 1815, kweli, na kile kimnara cha mbao chenye mkono unaoyumba hakikuchongwa Rulenge. Lakini hebu tazama kundi la ngoma la Burundi lilivyopangwa. Katikati ipo inkiranya, inayoongoza. Zipo ibishikizo, zinazofuata mdundo wa inkiranya. Na zipo amashakwe, ambazo kazi yake ni kushikilia pigo lisilobadilika, mwanzo hadi mwisho, wakati wengine wanaruka na kurusha fimbo. Hiyo ni metronomu yenye ngozi ya ng'ombe. Babu alituambia kwamba yeye aliwekwa hapo kwanza, na alikaa hapo mpaka akachoka kuomba kutolewa. Hakuna aliyemwambia asubiri damu ipande.

Nikifikiria zaidi, namkumbuka bibi na wanawake wenzake wakipiga makofi pembeni. Tuliwaona kama washangiliaji. Babu alipoanza kwenda mbio, na alikuwa na tabia hiyo, makofi ya bibi hayakumfuata. Yalibaki palepale mpaka mwenyewe akarudi. Wanawake wasioruhusiwa kugusa ngoma ndio waliokuwa wameishika.

Kisingizio cha pili ni cha kisasa, na kina heshima kidogo kwa sababu angalau kinakiri kwamba kuna tatizo. Studio moja niliyowahi kwenda, prodyuza hakuningoja nimalize. "Dada, piga tu, nitanyoosha baadaye." Kunyoosha ni kuiamuru kompyuta ihamishe kila pigo hadi kwenye mstari ulio karibu nalo. Roger Linn, Mmarekani, aliiweka kwenye mashine yake ya ngoma LM-1 mwaka 1980, na mwaka 1988 yeye na kampuni ya Akai wakatoa MPC60, iliyoufanya mpangilio wa pedi 16, nne kwa nne, uwe alfabeti ya vidole vyetu. Sina ugomvi na Linn. Ugomvi wangu ni na kijana anayejiita mpigaji huku hajawahi kusikia alichopiga, kwa sababu kila alichorekodi kimenyooshwa kabla hajakisikiliza. Huyo hajui kama anawahi au anachelewa. Na kompyuta haijui ulichokusudia: ukikosea sana, inalipeleka pigo kwenye mstari wa jirani, kwa usahihi kamili, mahali pasipo pake.

Halafu kuna jukwaa. Kwenye sendofu hakuna kitufe cha baadaye.

Baada ya Biharamulo nilizima kunyoosha, nikajirekodi dakika moja juu ya metronomu, nikapima umbali wa kila pigo kutoka kwenye klik. Nilitegemea kuona fujo. Nilichoona kilikuwa kibaya zaidi: mpangilio. Karibu kila pigo nililitanguliza. Wanaosoma tabia hii ya binadamu wameipima mara nyingi. Mtu akiambiwa agonge pamoja na klik, kwa kawaida vidole vyake huitangulia kwa milisekunde kadhaa bila yeye kujua. Mimi nilikuwa natangulia, kisha natanguliza na huko kutangulia, hasa nilipofika sehemu ninayoipenda. Na mkono wa kushoto ulikuwa unakimbia kuliko wa kulia. Hapo nilielewa shangazi zangu walipatwa na nini.

Hesabu zenyewe ni ndogo. Kwa mapigo 90 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde kama 667. Ligawe mara nne, kila kipande kina 167 hivi. Kwenye singeli, inayopita mapigo 200 kwa dakika bila kuhema, kipande kama hicho ni 75 tu. Anayetaka kupiga singeli kwa vidole na hawezi kukaa sawa kwenye 60, anajidanganya. Sitanii: 60 ndiyo ngumu. Kwenye mwendo wa polepole kuna uwazi mkubwa kati ya klik na klik, na uwazi huo ndio unaokuumbua.

Kosa lililonigharimu wiki nyingi ni hili, nalisema ili usilirudie. Nilikuwa nafanya mazoezi na spika ya Bluetooth. Spika hizo huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100. Kwa hiyo nilikuwa nagonga pedi, nasikia baadaye, najilaumu, nawahisha mkono. Nilikuwa najifunza kukosea. Tumia waya. Kama huna kibao, gonga meza, na klik itoke kwenye simu yenyewe. Umeme ukikatika, na utakatika, meza haizimiki.

Kisha anza kuinyima mikono yako msaada. Wiki za kwanza klik ilinigongea kila pigo. Baadaye nikaiacha kwenye pigo la pili na la nne tu. Baadaye mara moja kwa kila mzunguko wa mapigo manne. Halafu ile niliyoichukia kuliko zote: mizunguko miwili yenye klik, miwili ya kimya. Kwenye kimya upo peke yako, na klik ikirudi unajua bila kuambiwa. Mwanzoni nilikuwa nafika mapema kama mgeni wa kanisani asiyejua ratiba. Nilifanya hivyo kwenye basi pia, begi mapajani, vidole juu ya begi, kutoka Ngara mjini, Benaco, Nyakahura, mpaka Lusahunga. Abiria wa jirani aliniuliza kama naumwa.

Na usikubali metronomu ikufundishe kuhesabu nne tu. Midundo mingi ya kwetu hugawa pigo mara tatu, na anayejua nne pekee huipiga kama anachechemea. Weka klik moja, gonga tatu ndani yake kwa mkono mmoja na mbili kwa mwingine. Hapo ndipo metronomu inapoacha kuwa ya Maelzel.

Nitampa mpinzani wangu haki yake. Muziki hai unapumua. Babu akiona watu wamechangamka alisogeza mwendo mbele kwa makusudi, na ilikuwa tamu. J Dilla wa Detroit, aliyefariki mwaka 2006, alisifika kwa kupiga pedi bila kunyoosha, mapigo yakilegea nyuma kama mtu aliyeshiba. MPC yake leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kila ninayebishana naye ananitajia Dilla. Namjibu: Dilla alijua mstari uko wapi, ndiyo maana alijua akae wapi kando yake. Wewe na mimi pale sendofu hatukulegeza. Tulipotea. Ukisikia rekodi yako ukaweza kuniambia kabla ya kupima kwamba pigo la tatu lilichelewa na ulitaka lichelewe, tupa metronomu, nitakusaidia kuitupa.

Mwaka huu nimerudi Biharamulo kukusanya data za tasnifu. Jioni binamu yangu wa darasa la sita ananisubiri mezani. Kibao cha pedi anakigusa Jumamosi tu. Siku nyingine ni meza, na simu tunaitumbukiza kwenye bakuli la bati ili klik isikike. Ana vidole vizito, na kwa wiki mbili za mwanzo alikuwa analia akikosea. Mama yake alitaka nimwache, kwamba labda hana kipaji. Nilimwomba anipe mpaka mwisho wa muhula.

Juzi umeme ulikatika tukaendelea gizani. Mizunguko miwili ya klik, miwili ya kimya. Mara ya kwanza aliwahi. Mara ya pili aliwahi kidogo. "Tena," akasema, kabla sijasema. Baba yake akasimama mlangoni na tochi, akasikiliza, akacheka kwa furaha. "Huyu kweli mjukuu wa babu yake. Damu hiyo!"

Hatukumjibu. Tulikuwa kwenye mzunguko wa pili wa kimya, tunahesabu.