Aletaye Jipya na Alilee

Wako vijana wetu wengi siku hizi wanaojitolea kuandika programu huria, na wanastahili pongezi. Lakini karibu kila mmoja anataka kuongeza kipengele kipya kitakachobeba jina lake. Hitilafu za jana anawaachia wengine. Mwenendo huu tuukatae.

Yatazameni yaliyoipata OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya siri kwenye intaneti. Machi 2012 lilitoka toleo la 1.0.1, na ndani yake kipengele kipya cha kupima kama muunganisho ungali hai. Wengi wa walioitumia hawakuwa na haja nacho. Humo mlikuwa na kosa dogo: programu iliamini urefu wa ujumbe kama mtumaji alivyoutaja, bila kuuhakiki. Hivyo mtu wa mbali aliweza kuchota yaliyomo katika kumbukumbu ya seva, pamoja na nywila na funguo za siri. Kosa hilo, lililoitwa Heartbleed, lilitangazwa Aprili 2014. Miaka miwili! Na waliotunza programu hiyo iliyotegemewa na dunia nzima walikuwa wachache mno, wengi wao wa kujitolea. Wa kuongeza hawakukosekana. Waliokosekana ni wa kukagua.

Atasema mtu: basi tusiguse kitu. La, hasha. Kuchelewa nako kuna hasara. Debian, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ulio kazi ya watu wa kujitolea tangu 1993, ilitoa toleo la 3.0 Julai 2002, na la 3.1 halikuja hadi Juni 2005. Katikati ya ngoja-ngoja hiyo, mwaka 2004, ikazaliwa Ubuntu juu ya Debian hiyohiyo, ikiahidi toleo kila baada ya miezi 6, na ikapata wafuasi tele.

Linux, kiini cha mifumo hiyo, imepata mwafaka kati ya pupa na kuchelewa. Kwa kila toleo mlango wa mambo mapya huwa wazi wiki 2. Ukishafungwa, wiki 7 au 8 hivi zinazofuata ni za kurekebisha tu. Kweli, wengi wa waandishi wake leo wanalipwa, lakini kufunga mlango hakuhitaji mshahara.

Basi, ndugu mnaoongoza miradi, wekeni tarehe ya kufunga na muitangaze mapema. Aletaye kipengele kipya aulizwe nani atakilea mwakani. Akikosa jibu, kikataliwe kwa adabu. Na toleo likitoka, majina ya waliorekebisha yatangulie ya walioongeza.