Tuingie Kihispania kwa Mlango Wetu

Wapo wenzetu, na miongoni mwao walimu wa kuheshimika, wanaoona kuwa kijana wa Kidichi kufunga safari kwenda chuo kikuu cha ng'ambo ili akakinoe Kihispania chake ni israfu tupu. Hoja zao ni mbili, na ajabu ni kwamba zenyewe kwa zenyewe hazipatani. Wa kwanza husema: Kihispania anacho tayari, amekiokota kwa watalii, nacho chamtosha kwa kazi yake ya kuonyesha miti ya viungo. Wa pili husema: lugha za kigeni zimekwisha kutuelemea, na anayekwenda kutafuta nyingine anakitupa Kiswahili. Nakusudia kuwapinga wote wawili, na nitaanza na hao wa kwanza huko huko mashambani.

Atokaye Mjini akafika Kidichi huwakuta vijana wakiwaongoza wageni kutoka mti hadi mti. Hukwangua gome la mdalasini, hulinusisha, husema "canela". Huchuma karafuu, husema "clavo". Hawakuwa na mwalimu, wala kitabu, wala kamusi. Sisi tuliofundisha Kiingereza miaka nenda miaka rudi, kisha mwanafunzi wetu akashindwa kumwelekeza mgeni njia ya Forodhani, twapaswa kuwavulia kofia vijana hawa.

Lakini wasikilize hadi mwisho. Kihispania chao hukoma pale mti unapokoma. Mgeni akiuliza mashamba haya yalikuwa ya nani kabla ya Mapinduzi ya 1964, eka tatu tatu waligaiwa nani, na kwa nini karafuu imepungua Unguja, kijana hucheka akaelekea kwenye mpilipili manga. Mgeni naye hufungua kitabu chake cha safari, akasoma humo historia yetu kama alivyopenda kuiandika mtu mwingine. Je, hiyo ndiyo lugha ya kutosha? Yatosha kwa bakhshishi, haitoshi kwa kujieleza.

Ina upungufu mwingine, wa adabu. Kihispania, kama lugha za watu waungwana popote, kina namna ya kumsemesha rafiki na namna ya kumsemesha mkubwa: "tú" kwa yule, "usted" kwa huyu. Kijana aliyefunzwa na watalii wa rika lake huijua ya kwanza tu. Basi huyu aliyelelewa kwa shikamoo, ambaye nyumbani hathubutu kumwita mzee kwa jina, humkabili bibi mzee wa Bogotá au Lima kama anayemwita mtoto mwenziwe uwanjani. Hajui kuwa amekosa, na bibi yule kwa hisani yake hamwambii.

Tena itazame mimea yenyewe. Pale Kidichi kila mgeni huonyeshwa mzingefuri, akapakwa rangi yake nyekundu mkononi, wakacheka. Mti huo asili yake ni Marekani ya joto, katika nchi zinazosema Kihispania hivi leo. Mtu wa Meksiko huuita "achiote", wa Venezuela "onoto", wa Kuba "bija". Aliyeokota neno moja kwa mtalii mmoja atabaki nalo hilo. Na papai je? Neno "papaya" husemwa mahali pengi bila ya hatia, lakini Havana ni neno ambalo mwenye staha halitamki hovyo; huko tunda hilo huitwa "fruta bomba". Mambo haya hayaokotwi njiani. Hupatikana kwa kukaa na wenyewe, na kusoma kwa utaratibu chini ya mwalimu, mwaka mmoja au zaidi.

Sasa niwageukie walinzi wa Kiswahili, ambao mapenzi yao nayaheshimu kuliko hoja yao. Nawauliza: Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864, akaketi na wenyeji, akajifunza lugha yao, akachapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, je, alikitupa Kiingereza? Na wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanaokuja Vuga, katika ile Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ambayo leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakajifunza kusema "hodi" mlangoni na kungoja kuambiwa "karibu", nani kwao huwaita wasaliti? Tunafurahi wakija kwetu kujifunza. Mbona sisi tukienda kwao huwa ni kasumba?

Pale pale Kidichi pana hamamu aliyoijenga Seyyid Said katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kuta zake zimenakshiwa maua na ndege, na pana mashairi ya Kiajemi. Wenyeji wamepita mbele yake vizazi kadhaa. Maneno yale tulikuja kusomewa na wataalamu wa kigeni. Anayeogopa kujifunza lugha ya watu na aingie hamamuni humo, atazame ukutani.

Isitoshe, Kihispania si kigeni kwetu kama tunavyodhani. Waarabu walitawala sehemu za Hispania tangu 711 hadi 1492, wakaacha humo maneno ambayo sisi tuliyapata kwa bahari ya upande huu. Fulani wetu ni "fulano" wao. Hata yetu, ile ya "hata asubuhi", ni "hasta". Zafarani ni "azafrán", sukari ni "azúcar", zeituni ni "aceituna". Na yale tuliyoyapata kwa Wareno, jirani zao, kama meza na bendera, huko ni "mesa" na "bandera". Sarufi nayo ina mengi ya kutufaa. Mswahili husema "naimba", asihitaji kutaja "mimi"; Mhispania husema "canto", naye vivyo hivyo. Mswahili husema "nataka aje", akageuza mwisho wa kitenzi kwa kuwa jambo bado ni matakwa. Mhispania husema "quiero que venga", akafanya hayo hayo, ilhali Mwingereza hana budi kuipindua sentensi yote. Sisi tuliozoea kitabu kizuri na vitabu vizuri hatushangai kuona sifa ikifuata jina katika "libro bonito" na "libros bonitos".

Hapa ndipo penye ugomvi wangu hasa. Vitabu vya Kihispania tunavyowapa wanafunzi wetu vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya Waingereza, vikieleza kwa jasho yale yanayomtatiza Mwingereza. Mwanafunzi wa Kidichi hulazimika kuizunguka nyumba nzima, apite mlango wa nyuma wa jirani, ilhali mlango wa mbele u wazi. Na hata mkutanoni ni vivyo hivyo. Tangu 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Kihispania, lugha ya Guinea ya Ikweta, nacho ni miongoni mwa lugha za Umoja huo. Mswahili na Mguinea wakitaka kusikilizana bila ya kupitia London, nani atawakalimania?

Tumekwisha kupata nafasi, tukaziachia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Unguja walikwenda Kuba kwa mafunzo, wakarudi na ndevu na neno "Venceremos"; neno liliingia mitaani, lugha haikuingia skuli. Mkongo Freddy Ilanga alikuwa kijana mdogo mwaka 1965 alipokuwa mkalimani na mwalimu wa Kiswahili wa Che Guevara, mashariki ya Kongo. Alipelekwa Kuba, akakisoma Kihispania, akasomea udaktari, akawa bingwa wa kupasua ubongo wa watoto. Alifariki huko mwaka 2005, baada ya kukaa karibu miaka 40 bila ya habari za jamaa zake wa Bukavu. Simlaumu hata kidogo. Vita ndivyo vilivyomchukua. Lakini fikiri, mwalimu mwenzangu: mtu aliyemfundisha msemaji wa Kihispania Kiswahili, kisha yeye mwenyewe akaishi ndani ya Kihispania umri wake wote, angetuandikia sarufi ya namna gani kama upande huu wa bahari pangekuwa na mtu wa kumwomba?

Kwa hiyo kijana wa Kidichi na aende, Salamanca au Havana, popote atakapopata nafasi, na tumsaidie kwenda. Ila asiende bure bure. Aagane nasi kwa maandishi kwamba atakaporudi atatuletea kitabu cha kufundishia Kihispania kwa Kiswahili, na sisi tuagane naye kwamba atakuta darasa, mshahara na mchapishaji, asije akarejea kwenye kukwangua mdalasini kwa kukosa pa kwenda. Kitabu hicho kikitoka, sura ya kwanza ningependa iwe ya miti ya shambani kwao, na ianze na mzingefuri, na majina yake yote matatu.