Kipigo cha Wembley 1953: Kubadili sura si kubadili soka

MGEMA akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 1953 Waingereza walisifiwa na wao wenyewe wakajisifu, hadi Novemba ilipofika wakaletewa kata waonje.

Ulikuwa mwaka wa shangwe kweli. Vita vilikwisha miaka minane nyuma, lakini sukari ilikuwa bado ya mgawo mpaka Septemba. Watu walikuwa na kiu ya furaha. Juni 2 Malkia Elizabeth akavishwa taji, na asubuhi hiyohiyo London ikapata habari kwamba msafara wa Waingereza umefikisha watu kileleni Everest: Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay. Agosti, timu yao ya kriketi ikaibwaga Australia baada ya kuisubiri siku hiyo kwa takriban miaka 20.

Kwenye soka nako raha tupu. Mei 2, fainali ya Kombe la FA, Bolton wanaongoza 3-1 na dakika zinayoyoma. Stanley Matthews, winga mwenye umri wa miaka 38, akaanza kuwapeleka puta mabeki upande wa kulia. Blackpool wakashinda 4-3. Mpaka leo inaitwa fainali ya Matthews, wakati mabao matatu yalifungwa na Stan Mortensen. Ndiyo tabia ya furaha: inachagua shujaa mmoja, mengine haiyaangalii.

Miezi sita baadaye, Novemba 25, Hungary wakatua Wembley. Hawakuwa timu ya kubeza. Walikuwa mabingwa wa Olimpiki ya 1952 na hawajafungwa tangu 1950. Lakini England nayo ilikuwa haijawahi kufungwa nyumbani na timu kutoka nje ya visiwa vile, basi nani angeogopa?

Dakika ya kwanza haijaisha, Nandor Hidegkuti keshatikisa nyavu. Jezi namba tisa, lakini hasimami mbele kama namba tisa wengine. Anashuka katikati. Beki wa kati Harry Johnston akimfuata, anaacha shimo nyuma. Asipomfuata, jamaa anapiga pasi anavyotaka. Halafu Ferenc Puskás akauvuta mpira kwa unyayo, nahodha Billy Wright akapita mzimamzima akikaba hewa, ikawa bao. Mwisho wa mchezo 6-3. Hidegkuti matatu, Puskás mawili, Bozsik moja.

Na hao waliofunzwa adabu ni nani? Matthews, Mortensen, Johnston na Ernie Taylor, wote walikuwa mashujaa wa Blackpool wa mwezi Mei. Miguu ilikuwa ileile. Kilichowashinda ni maandalizi. Kocha Gusztáv Sebes aliwafanyisha vijana wake mazoezi kwa mipira ya Kiingereza na kwenye uwanja wenye vipimo vya Wembley. Kinachouma zaidi, Sebes alisema mengi walifundishwa na Jimmy Hogan, Mwingereza aliyefundisha Budapest huku kwao hana thamani. Kweli nabii hakubaliki kwao.

Hapo ndipo lilipo somo la mwaka ule. Baada ya kipigo, wachezaji sita hawakuitwa tena timu ya taifa, Mortensen na Johnston wakiwemo. Watu wakaridhika kwamba hatua zimechukuliwa. Mei 1954 England ikaenda Budapest na kikosi chenye sura nyingi mpya, uchezaji ukiwa uleule. Ikalala 7-1. Hao sita walikuwa nyumbani, sasa safari hii lawama apewe nani?

Kamati ya wakubwa wa chama iliendelea kuchagua kikosi, huku kocha Walter Winterbottom akipewa timu iliyopangwa na wengine. Wachezaji walikatwa, meza iliyowapanga ikabaki.

Mmoja wa wale sita alikuwa beki Alf Ramsey, aliyefunga penalti siku ile ya 6-3. Alipopewa timu ya taifa mwaka 1963, sharti lake lilikuwa moja: kikosi anapanga yeye. Miaka mitatu baadaye, kwenye uwanja uleule wa Wembley, England ikabeba Kombe la Dunia, tena kwa mfumo usiotegemea mawinga wa aina ya Matthews.

Kwa hiyo siku yenye faida kuliko zote mwaka 1953 haikuwa ya taji, ya Everest wala ya Matthews. Ilikuwa ile Jumatano ya 6-3, ingawa faida yake ilichelewa miaka 13 kwa sababu wakubwa walitafuta wa kumtupia lawama kabla ya kutafuta kosa. Shabiki anayetaka wachezaji watano wafukuzwe kila timu yake inapofungwa, aanze kuuliza nani aliwapanga, na waliandaliwa vipi.